Noti Ndogo za Wimbo wa Akiru

Kwako Baba, uliyezikwa Lodwar, mbali na Mama,

Sikukuandikia ulipokuwa hai, na sidhani uliwahi kuingoja barua yangu. Leo ni Jumapili, mjengo ninakofanya kibarua umefungwa, joto la Kakuma limetubana chini ya mabati, na kuna jambo nimekufanyia ambalo nataka ulijue kutoka kwangu mwenyewe.

Unakumbuka kompyuta uliyokuja nayo likizo, ile aliyokuachia mkuu wako wa bendi ya polisi alipostaafu? Uliiweka kwenye meza ya chakula, tukala sakafuni tangu siku hiyo. Ulikuwa na nyimbo kumi na moja za zumari ya mfuko kichwani mwako, zote ulizitunga ukiwa kazini huku Turkana, na macho yako hayakuona tena herufi ndogo. Kwa hiyo ulinitoa shuleni, kidato cha kwanza, muhula wa pili. "Wiki mbili tu," ulimwambia Mama. Zikawa likizo tatu, na katikati ya likizo uliniachia kazi ya kusahihisha. Ulipomalizana nami, shule ilikuwa imeshafuta jina langu.

Programu ile ilitaka kila noti iandikwe kwa vifupisho, herufi moja moja. Ulikaa nyuma yangu na filimbi ya mazoezi, ukapiga kipande, nami nikaandika. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba zumari haina mahali pa kunyamaza. Mfuko ukishajaa upepo, inalia tu. Ukitaka kupiga noti ileile mara mbili, lazima uzitenganishe kwa noti ndogo: kidole kinainuka na kurudi kabla sikio halijatambua. Bila hizo ndogo, noti tatu zinageuka mlio mmoja mrefu. Kila niliposahau moja ulinichapa vifundo vya vidole kwa filimbi hiyohiyo, kisha ukaendelea kupiga kana kwamba umefukuza nzi.

"Noti kubwa hata ng'ombe angeweza," ulikuwa ukisema. "Hizi ndogo ndizo mimi."

Wimbo wa mwisho ulizidi zote. Ulirukaruka kama mbuzi wachanga waliofunguliwa asubuhi. Mama aliacha mboga zake akaja kusimama mlangoni.

"Baba Simiyu, huo unaitwaje?"

"Akiru. Ni Kiturkana, maana yake mvua."

"Basi mvua ya huko inajua kucheza!"

Akaomba uurudie. Uliurudia mara tatu, ukimtazama usoni. Mimi niliandika jina hilo juu ya ukurasa kwa mikono hii. Mama alikufa akijua ni wimbo wa mvua.

Akiru mwenyewe, binti yako wa huku Turkana, alikuwa na miaka minne wakati huo. Nilimwona kwa mara ya kwanza kwenye mazishi yako. Nilikuwa nimeshakuja Kakuma kutafuta kibarua cha ujenzi, nikapata lifti ya lori hadi Lodwar. Yeye aliketi mbele na mama yake. Mimi nilisimama nyuma na watu wa bendi, na mchungaji aliposoma kwamba umeacha mtoto mmoja, hakuna aliyegeuka. Baadaye mpiga ngoma wenu alimnong'oneza mimi ni nani, naye akaja kunipa mkono. Mkono wangu aliuona una saruji kwenye kucha. Hakuufuta wake.

Mwaka huu alinifuata hadi kwenye mjengo. Kompyuta yako alikuwa ameifunga kwa shuka na kuibeba mgongoni.

"Ejok, kaka."

"Ejok. Nani amekuonyesha hapa?"

"Niliuliza mtu wa Bungoma mwenye hacheki. Wote walinionyesha wewe."

Wenzangu waliangusha mabeleshi kwa kicheko. Alikaa juu ya mfuko wa saruji akanieleza. Kompyuta ilikuwa inajizima yenyewe. Bendi ya kanisa uliyoifundisha inasoma nyimbo kwa tableti siku hizi, na programu mpya inakataa mafaili yako ya zamani. Mwalimu aliyebaki ni yule wa ngoma, zumari haijui.

"Baba alisema kuna kijana mmoja huko nyumbani alimwandikia," akasema. "Mimi nikafikiria ni wewe."

"Alisema kijana mmoja?"

"Ehe. Kijana mmoja." Hakujua alichosema. "Kaka, kanisa mpya ya Kanamkemer inafunguliwa, wanataka nyimbo yote. Lakini mimi nataka tu hiyo yangu. Hiyo baba alikuwa ananipigia nikiamka."

Nilisikia hilo nikiwa nimesimama na karai kichwani, Baba. Kuna mtoto uliyemwamsha kwa zumari.

Nikamwambia nitaifanya. Kila Jumapili nilikwenda saiba, duka la kompyuta la Mkongomani mmoja, nikahamisha mafaili kwenye flashi, nikayapitisha kwenye programu ya kubadilisha. Mashine ilipojaribu wimbo wa kwanza, yule Mkongomani alishika masikio. "Papa, hii ni muziki ao ni mbuzi banamuchinja polepole?"

Alisema kweli. Programu ilizijua noti kubwa zote na ikazitupa ndogo, kwa sababu vifupisho vya hizo ndogo ulivitunga mwenyewe na hakuna mashine inayovielewa. Nilifungua faili lako la zamani kama maandishi matupu, nikaviona vimejipanga jinsi nilivyovipanga, nikaanza kuzirudisha noti ndogo moja moja kwenye faili jipya. Sikuhitaji kufikiria. Uliniambia sina kichwa, vidole vilikumbuka. Ule wa kamanda wako niliutengeneza. Ule wa daraja la Turkwel niliutengeneza. Nyimbo kumi zilitoka safi, na kama ungekuwa hai usingepata pa kunichapa.

Ule wa kumi na moja niliuacha jinsi mashine ilivyoutapika. Kisha nikafuta faili lake la zamani kwenye flashi. Kompyuta yako ilizimika wiki hiyohiyo na haijawaka tena.

Sikughadhibika nilipofanya hivyo. Nililipa saiba, nikanunua chai, nikalala vizuri. Nakuambia ili usijidanganye kwamba ilikuwa ajali.

Akiru aliusikiliza kwenye simu, mbele yangu, ameinamisha kichwa.

"Kaka, hii inaburuta. Baba alikuwa anapiga inaruka."

"Ulikuwa mtoto. Mtoto huona kila kitu kinaruka."

"Lakini nakumbuka..."

"Nani aliuandika, ni wewe ama ni mimi?"

Aliizima simu. "Ni wewe, kaka." Akanishukuru. Akaniachia samaki wakavu wa Kataboi, na mimi nikawala.

Nilikwenda Kanamkemer siku ya kufungua kanisa. Kanisa lilijaa hadi nje. Vijana wako walipiga nyimbo kumi na watu wakasimama juu ya viti, kina mama wakapiga vigelegele, mpiga ngoma akalia wazi. Kisha wakatangaza wimbo wa binti yako. Akiru alikuwa amevaa gauni jipya na shanga shingoni. Zumari zikalia mlio mrefu, halafu mwingine mrefu. Watu walikaa mmoja mmoja. Mzee mbele yangu alimwambia mkewe, "Hapa mtunzi alikuwa amechoka," wakaanza kutafuta viatu vya watoto ili waondoke.

Nilidhani nitafurahi wakati ule, na kwa kweli nilifurahi kidogo.

Akiru alinifuata nje, tukasimama kwenye kivuli cha tangi la maji. Hakuwa analia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi.

"Zile zingine zote baba aliweka kazi," akasema. "Ya kamanda, aliweka kazi. Hata ya daraja, kaka! Yangu aliacha hivyo tu."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Wimbo wako mzima ninao, kila noti ndogo, ningeweza kuuandika upya kabla ya jua kutua na kumrudishia baba yake. Alikuwa ananitazama, akingoja mkubwa wake aseme kitu. Usoni mwake niliona mtu aliyeanza kuhesabu upya kila asubuhi uliyomwamsha, akijiuliza kama ulimpenda.

"Labda alikuwa na haraka," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo alikuwa akilishuku siku nyingi. Halafu akanishika mkono, tukaenda kula, na kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba ni dada yangu.

Sina la ziada. Kaa huko na wimbo wako, Baba. Huku juu ninao peke yangu.

Mwanao wa kwanza