Mama Amekataa Kisu Changu

Bi Sikuzani, mshauri wetu mpendwa, amahoro. Naomba msaada wako maana akili yangu imefika mwisho. Mimi ni daktari bingwa wa upasuaji hapa Bujumbura, mtoto wa kijiji cha Minago, sikubebwa na mjomba waziri wala padri, nilisomeshwa na mikono ya Mama iliyokamua mawese miaka kumi na mmoja, na tangu tupate uhuru nimepasua watu mia nne na kumi na wawili, waliofariki ni tisa tu, na hao tisa nawakumbuka kila mmoja kwa kitanda chake, kila aliponifia mmoja nilishuka Minago nikakaa kwa Mama kutwa nzima bila kugusa ugali. Sasa Mama mwenyewe ana uvimbe tumboni, mwezi wa kwanza ulikuwa kama limau, leo ni kama chungwa, lazima utoke kabla mwezi huu haujaisha, na amekataa nisimguse. Nilidhani ni haya, nikamwambia tutamfunika vizuri, akacheka: “Nilikuosha matako weye, leo nikuonee haya?” Kisha akasema, “Nikikufia mu mukono, utakula na mukono gani?” Anamtaka Hyacinthe, daktari niliyemfundisha mimi, ambaye amepasua watu sitini na wanane tu! Watu wanatoka Nyanza-Lac kuutafuta mkono huu, mama yangu anautupa. Dada yangu Vestine anasema tumdanganye, tumlaze kwa dawa ya usingizi, akiamka iwe imekwisha. Nifanye hivyo?

Daktari Mwenye Uchungu, 1968

JIBU: Pole sana, mwanangu. Lakini hilo la Vestine lifute leo hii. Mama hadanganywi juu ya tumbo lake mwenyewe, na wewe daktari ulipaswa kulijua hilo kabla yangu.

Unajua kuhesabu, ila hujui kusoma ulichokiandika. Mara tisa umeingia kwa mama yako ukakaa mbele ya ugali ukapoa. Wewe ulikuwa unahesabu wafu, yeye alikuwa anakutazama wewe. Hajautupa mkono wako hata kidogo. Anaogopa kuwa wa kumi.

Na huyo Hyacinthe, kama hafai, kwa nini unamwachia watoto wa wenzio? Kama anafaa, mpe kisu. Nenda Minago kesho, umwambie Mama ombi lake limekubaliwa, na umlete mwenyewe. Asubuhi ya kupasuliwa, vua hilo koti jeupe. Mshike mkono mpaka usingizi umchukue, kisha utoke, ukakae nje kwenye benchi pamoja na wana wa wagonjwa wengine. Usichungulie. Usimtumie Hyacinthe maagizo.

Atakapofungua macho, akukute hapo. Na siku atakayoruhusiwa kula, mpikie ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, ukae naye kitandani, ule mbele yake mpaka sahani iishe. Hicho ndicho anachokuomba.