Sisi Tunaobaki Kushika Wimbo

Jumapili, 1 Agosti 2004
Misa ya pili. Jua kali, spika imeharibika tena. Komunyo tumeimba "Umeniwekea Kiti", beti zote tano, maana foleni ilikuwa ndefu. Kwaya ikapanda kupokea, tukabaki watatu kushika wimbo kama kawaida: mimi sauti ya pili, Mzee Simiyu besi, na Rose. Mzee Simiyu ana wake wawili. Rose anakaa na mume wa mtu. Mimi nimekaa na Wafula miaka kumi na moja bila ndoa ya kanisa. Sote haturuhusiwi kupokea komunyo. Mwalimu Barasa anatuita nguzo zake. Ati siku tukifunga ndoa, kwaya itaanguka. Anatania tu, lakini inauma.

Wafula hakuwa kanisani. Yuko kwao Misikhu tangu jana. Jumamosi ya tatu mfululizo.

Amerudi jioni, amekunywa chai, ameanza kuvumisha wimbo mdomo umefungwa. "Tumefika Uani Mwako." Wa harusi huo. Mtu asiyeweza hata kupiga makofi pamoja na wenzake! Ameutoa wapi?

Jumanne, 3 Agosti
Nimefua. Mfukoni mwa suruali yake ya kijivu kulikuwa na karatasi ya daftari. Mwandiko ni wake.

Mwanzo: Tumefika Uani Mwako.
Sadaka: Kikapu Changu Kidogo.
Komunyo: Umeniwekea Kiti. (A. anasema huu usikose.)
Shukrani: Tucheze Mbele Zake.

Hizo ni nyimbo za Misa ya ndoa. Nimeziimbia maharusi wangapi mimi, hata sihesabu.

A. ni nani? Mimi ni Lucy Wanjiru. Sina A popote.

Nimeirudisha mfukoni baada ya kuinakili nyuma ya kitabu cha vipimo vya wateja. Kalamu ilitoboa karatasi. Hasira, si woga.

Alhamisi, 5 Agosti
Jana sikulala vizuri. Leo nimeshona kola mbili za sare upande usiofaa, nikafumua.

Nilimuuliza Wafula kwa kuzunguka. Kuna harusi kwenu? Akasema, "Ni mambo ya kwaya ya nyumbani, Mama Nekesa, wewe wacha." Akaenda kulisha ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amekula tayari.

Miaka kumi na moja nikimwambia twende kwa Padre. Kwanza nyumba haijaisha. Nyumba ikaisha, mama yake mgonjwa. Mama akapona, ati mwaka mbaya, mahindi yamekufa. Nikanyamaza. Kumbe ndoa anaitaka. Ni mimi tu ambaye hanitaki.

Baada ya mazoezi nilimwonyesha Mwalimu Barasa ile nakala. Nikadanganya kwamba ni ya binamu yangu. Akacheka. Akasema, "Harusi hii, mama! Lakini mbona hawajaweka wimbo wa Utukufu? Mwambie binamu aongeze, Padre atauliza." Nikasema nitamwambia. Yaani ninamrekebishia mke mwenza orodha ya nyimbo.

Jumamosi, 7 Agosti
Ameenda tena. Amebeba machungwa, sukari na leso mpya, nyekundu yenye maua meupe. Nimeiona ikichungulia kwenye mfuko. Mimi leso ya mwisho alininunulia binti yetu Nekesa akiwa anatambaa. Sasa Nekesa yuko darasa la nne.

Na alijipaka mafuta hadi shingoni.

Jumapili, 8 Agosti
Leo nimeaibika. "Umeniwekea Kiti" tena. Tulipofika ubeti wa tatu, pale kiti kinaitwa kwa jina la mtu, sauti ikanikatika. Mzee Simiyu akageuka, akaona, akaongeza besi hadi madirisha yakalia. Akanibeba mpaka mwisho wa ubeti. Mungu ambariki huyo mzee na wake zake wote wawili.

Mwalimu Barasa husema watu hulia kwenye wimbo huo kwa sababu ya noti, ati unashuka pole pole mwishoni. Si kweli. Ninawaona kutoka kwaya, ninawatazama usoni wakirudi viti vyao. Kuna mama aliyezika watoto. Kuna mwalimu aliyeacha pombe. Kila mtu anasikia jina lake. Mimi ninauimba nikijua kiti kipo na sina ruhusa ya kukikalia. Ninaupenda kuliko nyimbo zote na unanitesa kuliko zote. Sasa A. naye anautaka. Huu nao anataka kuninyang'anya!

Jumatano, 11 Agosti
Simu yake imelia asubuhi kabla ya chai. Akatoka nje kuongea. Akarudi, akavaa koti, akasema anaenda nyumbani, atakaa siku kadhaa. Hakunitazama.

Nimemuuliza kuna nini. Akasema, "Nitakuambia nikirudi." Wanaume wote husema hivyo.

Ijumaa, 13 Agosti
Hajarudi. Kesho Jumamosi, siku ya maharusi.

Nekesa na mdogo wake nimewapeleka kwa mama yangu. Nimepiga pasi gauni la bluu. Ninaenda Misikhu. Kwao sijafika tangu mwaka juzi. Dada zake hunisalimia kwa ncha ya vidole, mtu wa Kitale mimi, mtu wa kuja. Sijali. Nitasimama katikati ya kanisa na kusema mimi ndiye mke. Hata kama Padre hajauliza pingamizi. Nimelifanyia mazoezi hilo neno mbele ya kioo kama ninafundishwa sauti ya pili.

Jumamosi, 14 Agosti
Ninaandika nikiwa Misikhu, nyumbani kwa Nasimiyu, dada yake Wafula. Niandike kwa mpangilio la sivyo nitachanganyikiwa.

Nilichelewa. Nikiwa bado barabarani nikasikia ngoma na kayamba kutoka kanisa la kigango, na "Tumefika Uani Mwako". Viatu vilijaa vumbi. Nikaingia hivyo hivyo. Kanisa limejaa, watu wamesimama, wengine wanacheza pale walipo. Mbele sikuona kitu ila migongo. Nikajipenyeza nyuma ya nguzo nikisubiri nafasi ya kukatiza.

Wakaimba "Bwana utuhurumie". Nikasema, wakimaliza Utukufu nitasonga mbele, maana kukatiza Utukufu ni dhambi hata kwa mwenye haki. Nikavuta pumzi. Kwaya ikakaa kimya. Padre akasema, "Tuombe."

Hakuna Utukufu. Misa ya Jumamosi yenye ngoma na hakuna Utukufu; Misa ya maziko ndiyo huuacha. Miaka tisa kwenye kwaya, nimeimbia maiti zaidi ya maharusi, na orodha ile niliitazama siku kumi na moja. Mwalimu Barasa mwenyewe aliniambia. Sikusikia.

Watu wakaketi, nikaliona sanduku. Juu yake leso nyekundu yenye maua meupe. Wafula kando yake kwenye benchi la kwanza, peke yake.

Padre akasema tunamuaga Anastasia, mwimbaji wa kigango hiki, na tumpe pole mume wake wa ndoa, Wafula.

Mume wake wa ndoa.

Nilikuwa nimesimama bado. Kanisa zima limeketi, mimi wima na gauni la bluu. Nasimiyu akaniona, akaja kunivuta mkono. "Keti, mama. Usilete mambo hapa." Halafu akaniangalia vizuri na akasema kwa sauti ya chini, "Haki ya Mungu, hakukuambia?"

Nikaketi. Komunyo wakaimba "Umeniwekea Kiti". Watu walilia. Mimi nililia kuliko wafiwa, na mama mmoja akanipa kitambaa akidhani ni ndugu yangu.

Jumapili, 15 Agosti
Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na sikwenda Misa. Wafula amesema yote, tukiwa shambani kwa Nasimiyu.

Yeye na Anastasia walifunga ndoa wakiwa vijana, Webuye. Miaka mitatu hawakupata mtoto. Wazee wake wakamrudisha Anastasia kwao na yeye Wafula akakaa kimya. Akahamia Kitale, akanipata. Anastasia hakuolewa tena. Kila nilipotaja Padre, Wafula alijua hawezi, kanisa lina jina lake tayari, lakini badala ya kusema akanipa visingizio vya nyumba, mama, mahindi.

Juni akasikia Anastasia ana saratani. Akaenda kuomba msamaha. Anastasia mkono ulikuwa umeisha nguvu, akamwambia chukua kalamu, andika nyimbo zangu. Ndizo zilizoimbwa siku ya harusi yao. Wafula akamuuliza kwa nini hizo. Ati akasema nyimbo zilikuwa nzuri, kosa halikuwa lao.

Nimemchukia Wafula leo kama sijawahi. Si kwa ajili ya Anastasia. Kwa ajili ya kila Jumapili niliyokaa nikifikiri kasoro ni yangu.

Anastasia nimeshindwa kumchukia. Nimejaribu.

Alhamisi, 19 Agosti
Kitale. Ninapika, ninashona. Sahani yake ninaiacha mezani.

Mazoezini Mwalimu Barasa ameuliza harusi ya binamu iliendaje. Nikasema ilienda vizuri, watu walikuwa wengi.

Jumatatu, 6 Septemba
Wafula ameenda kwa Padre peke yake bila kuniuliza, akarudi akasimama mlangoni kama mgeni. Akasema, "Mama Nekesa, sasa tunaweza. Ukitaka." Hilo "ukitaka" ndilo neno la kwanza la maana amenipa miaka kumi na moja. Nikamjibu nitafikiri. Nimefikiri mpaka ugali ukaungua.

Ninataka. Ninaona aibu kutaka, mtu hajamaliza mwezi kaburini, lakini ninataka. Nimwandikie nani uongo humu?

Padre anataka cheti cha ubatizo changu, na cheti cha kifo cha Anastasia.

Ijumaa, 24 Septemba
Wafula alisema hawezi kukiendea kile cheti. Nikasema basi nitaenda mimi.

Bungoma, ofisi ya kuandikisha vifo. Benchi ndefu, mvua nje. Nilikaa kati ya mzee mwenye kofia na msichana aliyebeba mtoto. Zamu yangu ikafika. Karani akasoma jina, Anastasia, miaka thelathini na sita. Mimi pia thelathini na sita. Akauliza, bila kuinua macho, marehemu ni nani wako.

Nilikuwa nimepanga kusema ndugu.

Nikasema, "Mke mwenzangu."

Akaandika. Akagonga muhuri, akanisukumia karatasi dirishani, akaita anayefuata.