Siku Maestro Alipoifunga Piano

Jumapili, Mei 2008. Baridi kali.

Niko mtaa wa Kensington, nyumbani kwa Maestro, siyo kwangu mtaa wa Bertrams. Maestro ni mzee wa Kiargentina, mtunzi wa muziki wa kwaya na piano. Anatufundisha sisi Warundi na Wakongo wa kanisani wimbo alioutunga kumwombolezea mdogo wake. Wanajeshi walimchukua mdogo wake mchana kweupe, huko Buenos Aires, enzi za udikteta. Hakuonekana tena. Maestro akaikimbia nchi, akafika huku na begi la karatasi za muziki.

Leo, katikati ya mazoezi, simu yangu ililia. Jirani yangu, Mama Neema, alikuwa ananong'ona.

"Usirudi, dada. Wanawasaka wageni, mlango kwa mlango. Wanauliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Usipojua, wanakupiga."

Mume wangu, Désiré, ni mlinzi. Nilimwacha amelala baada ya zamu ya usiku. Nikampigia. Hapokei. Nikampigia tena na tena.

Kiwiko kwa Kizulu mimi sijui. Wala yeye.

Maestro akauliza kuna nini. Nilipomweleza, akaifunga piano na kuchukua funguo za gari.

"Watakuua, Maestro!"

"Mimi mzungu. Hawataniuliza kiwiko. Nielekeze nyumba."

Nilibaki nimekaa sakafuni. Wenzangu walisali. Mimi nilikuwa namwaza yule mdogo wake Maestro tu.

Walirudi jua likizama. Désiré alikuwa amejikunja nyuma ya viti, chini ya blanketi. Mzima. Ila jiwe lililopitia dirisha la nyumba lilikuwa limempasua kichwa. Alikuwa amejificha chooni, na mlango ulipogongwa alidhani ni wao. Kisha akasikia lafudhi ya Maestro: "Désiré! Mkeo yuko kwangu!" Akafungua. Kwenye robot, zile taa za barabarani, vijana wenye marungu walichungulia garini. Maestro akawapungia mkono, akapita.

Nilimfuata jikoni kumshukuru. Nikamkuta ameshika sinki kwa mikono miwili.

"Siku waliyomchukua mdogo wangu," alisema, "hakuna aliyenipigia simu."

Nikamvutia kiti.

Tutalala hapa, chini, karibu na piano. Désiré ananiambia nifumbe macho. Siwezi.

Kutakucha, hilo najua. Lakini nikiwa na Désiré barabarani, nimwite kwa lugha gani ili wasijue sisi ni wageni?