Kurasa Nne za Fundi Reginaldi

Mpendwa Mama Nyarugabo,

Asante kwa kipindi chako cha redio kutoka Columbus, hapa Highview, Louisville, tunakisikiliza kila Jumapili, na leo ni mimi ninayeomba msaada. Naitwa Germana, nina miaka kumi na sita. Mama anamaliza masomo yake mwezi wa tano na kibali chetu cha kukaa Marekani kinaisha, kwa hiyo baba aliomba visa ya Kanada ya watu wenye ujuzi, ile ya kuhesabiwa pointi, kwa kuwa alitengeneza mafriji ya viwanda vya samaki Musoma miaka sita, na bosi wake wa zamani, Fundi Reginaldi, akamwandikia kwa Kiswahili barua ya kurasa nne, kazi moja moja na saa zake, nami nikapewa niitafsiri. Shuleni tumefundishwa kwamba barua nzuri haizidi ukurasa mmoja, basi nikabakiza sifa za baba, kwamba ni mwaminifu na hachelewi, nikaondoa kazi na saa bila kumwambia, na tukatuma tafsiri yangu tu.

Wamemkataa. Wamesema barua haionyeshi alifanya kazi gani wala kwa saa ngapi, hivyo miaka sita haikupata hata pointi moja. Baba hajanilaumu, na hicho ndicho kinachoniumiza, kanisani ananishika bega na kusema, "Huyu ndiye wakili wangu, na hanitozi!" mama anajibu, "Baba Germana, mtoto atavimba kichwa," watu wanacheka, nami natazama viatu vyangu. Anaamini afisa wa visa alimdharau Fundi. Ijumaa anaenda Buffalo, mpakani mwa Kanada, kwa baba mdogo Thobias, aliyempatia wakili, akate rufaa mahakamani. Nashukuru sana kuwa na baba kama huyu. Nitamwambiaje?

Germana Mwita

Germana mwanangu,

Bon, nianze kwa kukugombeza. Kutafsiri si kufupisha. Yale yalikuwa maneno ya Fundi, hukuwa na ruhusa ya kuyapunguza. Na wazazi wako wamekosea pia: kazi hiyo hapewi mtu wa familia, hata awe wa kwanza darasani.

Afisa hakumwonea baba yako, alihesabu alichowekewa mezani. Rufaa ya kusema alimdharau Fundi itaanguka, maana kurasa zile hakuziona. Mweleze baba leo, mama akiwepo, kurasa zote nne mkononi: "Baba, mimi ndiye niliyeyaondoa maneno ya Fundi." Usianze na kulia, wala usimtaje mwalimu. Atakasirika, ana haki. Lakini mtu aliyenyimwa visa na bado anakusifu mbele ya kanisa zima hatakutupa.

Buffalo aende, ila na barua nzima iliyotafsiriwa na mtafsiri anayetambulika, na Fundi apigiwe simu aongeze tarehe na namba yake. Wakili ahesabu siku zilizobaki za rufaa, aombe faili lipitiwe upya, na kosa lenu lisemwe wazi. Wakikataa tena, mtaomba upya, miaka sita ikiwa imeandikwa yote.

Nami nakushukuru. Wakubwa wengi huniandikia niwasaidie kuficha, wewe umeuliza namna ya kusema. Sasa nenda kamwite baba yako.