Viti vya Marehemu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefagia nyumba ya chama. Peke yangu tena. Mgongo unauma. Vumbi la mtaa wetu huu wa Buyenzi unalitoa mlangoni, linarudi dirishani. Nimefuta viti, kila kimoja na jina lake mgongoni. Sheria yetu ni ya tangu wakati wa Wabelgiji: ukiingia chama cha ngoma unakuja na kiti chako, umechonga jina. Ukifa, kiti kinabaki pale pale. Hakikaliwi. Nyumba imejaa viti. Wenye kukaa tumebaki wawili, mi na Hamadi.

Jumatano, 6 Agosti
Amekuja Rehema wa komine, ofisi ya serikali ya mtaa, yule binti anayeandika nyumba za zamani za mji zihifadhiwe. Kapiga picha paa letu la vigae. Nikamweleza: baba zetu walicheza kwenye maharusi mpaka pesa za matofali ya nyumba hii zikatimia. Na mi ndiye nilikuwa nacheza mbele na fimbo. Hata Uvira, ng'ambo ya mpaka, wananijua. Akauliza chama kina watu wangapi. Nikasema wengi. Akaangalia viti, akaniangalia mi.
Akasema nyumba yenye chama hai itaandikwa, haitaguswa. Ile isiyo na watu itafanywa depo, ghala la saruji. Jumamosi ya juma lijalo analeta wakubwa wake.
Saruji! Mule ndani!

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya swala Hamadi kaleta balaa. Wale Wakongomani, mafundi cherehani wa jirani, wanataka kuingia chama. Mkubwa wao Mama Furaha. Wakristo, waume kwa wake. Ngoma wanajua, nimewasikia. Siyo wabaya. Lakini watakaa wapi? Nafasi apana.
Hamadi: "Si hivi hapa?"
Viti vya marehemu! Nikamwambia umerogwa. Akacheka. "We Saidi, unachunga makaburi, unayaita chama."
Nimeondoka bila kumuaga.

Jumatatu, 11 Agosti
Hamadi amelazwa. Kifua. Nimeenda kwa miguu, basi hazitembei, mafuta hakuna. Nimechoka kama punda. Nilijiandaa kubishana, lakini hana pumzi ya kubishana. Kasema moja tu: "Kiti changu wakikalie. Nasema ningali hai, usije ukasema sikusema."
Nikamvuta shuka kifuani, nikatoka.

Alhamisi, 14 Agosti
Hamadi katangulia alfajiri. Inna lillahi. Tumemzika kabla ya alasiri.
Mama Furaha na watu wake wamepika msibani tangu asubuhi. Hakuna aliyewaita. Viti vya kukodi vilikuwa vichache, wakawaachia wageni. Wao wamekaa chini, kwenye vumbi, na nguo zao nzuri. Hatua chache kutoka pale nyumba ya chama imefungwa, imejaa viti.
Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika siku nzima. Nimeona aibu. Sijazoea aibu.

Jumamosi, 16 Agosti
Wakubwa wa komine walikuja baada ya kazi za jamii za kila Jumamosi. Nilikuwa nimewaita mafundi. Wakaingia, wakasimama ukutani kama watoto wa shule. Hamadi alikuwa amewaambia sheria. Wakubwa nao wakasimama. Nyumba nzima imesimama, viti vinatutazama.
Nikamshika Mama Furaha mkono, nikampeleka kwenye kiti cha Hamadi.
"Kaa."
"Muzee, siyo vibaya?"
"Mwenyewe kasema. Kaa, nisiseme mara mbili, mi si redio."
Akakaa. Mara mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kiti kwa kiti. Huyu Juma, sauti nzito, mwizi wa kuku za harusi. We fundi, kaa kwa Juma. Huyu Ramadhani, alikuwa ananiigiza kucheza na fimbo, hakuweza. Kaa. Jina kwa jina mpaka koo likakauka. Hawa marehemu wengine hawakuacha idhini kama Hamadi. Idhini nimetoa mi. Kama ni dhambi, niandikiwe mi.
Kiti cha baba yangu nimekataa. Hicho, apana. Hakuna aliyebisha.
Rehema alikuwa analia. Mafua, kasema.

Jumatano, 20 Agosti
Nyumba imeandikwa. Rehema kapita kuniambia. Nimesema ahsante, nikalala mchana kutwa.
Jioni wamekuja kufanya mazoezi. Hatua zao mbovu. Kiti cha Hamadi kinalia Mama Furaha akikaa. Hamadi alikuwa mwembamba, huyu ana mwili. Walipoondoka nimekipiga misumari. Zamani ningemaliza kwa jicho moja. Sasa nimejigonga kidole mara mbili.
Lakini kiti kimekaza.