Nguruwe wa Mhandisi

Maubisse, Agosti 2004

Mdogo wangu Abílio,

Huku hatujambo, kahawa imeanza kuiva na maji ya bomba yamefika. Wafadhili walipotuletea karatasi ya masharti, nilisema tutatia sahihi wakikubali na wao kula kiapo chetu cha tara bandu. Wakakubali, tukatundika pembe ya nyati chemchemini: atakayevunja neno lake atalipa nguruwe, hata awe nani.

Wa kwanza nilikuwa mimi. Nyati wangu alikata kamba akaivuruga chemchemi, nikalipa. Kisha mabomba yao yakachelewa miezi minne.

"Dada Olandina," mhandisi wao akaniambia, "nguruwe hayumo kwenye mkataba."

"Na kuchelewa kumo?"

Jumamosi alikuja akimburuta nguruwe kwa kamba, tope hadi magotini, kijiji kizima kikimcheka. Tukamla pamoja naye. Sijatembea kifua mbele hivi tangu vita.

Nyumba zilipochomwa vitani ukakimbilia Darwin ng'ambo, uliniapia utarudi tuijenge upya ya mama. Nguzo nimezisimika peke yangu. Njoo, lakini usije mikono mitupu. Nguruwe wako namngoja.

Dada yako asiyesahau,
Olandina