Siku Niliyokataa Kupika

Mjukuu wangu Wambui,

Sisi huku Gilgil hatujambo. Mahindi yamefika kiunoni, na mamako anakusalimu huko Mombasa.

Umeniuliza kama niliwahi kumkatalia mkubwa wangu. Ndiyo. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, lori la dizeli likapinduka juu ya chemchemi yetu. Mwenye lori alisema maji yatajisafisha kwa siku tatu. Siku ya nne, baba mkwe akaniambia nisonge ugali.

"Baba, kwa maji haya sipiki," nikasema. "Yananuka dizeli."

Akainama, akanusa ndoo, kisha akavaa koti. "Ibebe, twende."

Kwa chifu, baba mkwe alinisogeza mbele. "Msikilize huyu. Ndiye aliyekataa."

Nikaeleza yote. Kesho yake nilirudi na wanawake wa kijiji, tukaketi pale na ndoo zetu, siku baada ya siku, hadi chifu akamlazimisha mwenye lori kutuchimbia kisima upande wa pili wa kijiji. Tunakunywa hapo mpaka leo.

Hofu haikuniisha hata siku moja, mama. Lakini kila asubuhi nilibeba ndoo nikaenda.

Shosho yako